Saa ya Swichi ya Ghorofa ya Nne

Mwanangu Zuhura,

Salamu nikuandikie za nini, wakati tumeachana mlangoni si muda, wewe na mama yako mkielekea kusuka, mkicheka kwamba mkirudi sitakutambua. Mama yako amesema mtarudi magharibi. Nawajua mkishakaa saluni: magharibi yenu ni isha. Kwa hiyo ninayo alasiri nzima peke yangu. Jua hili la baridi la Johannesburg limeingia chumbani kwako hadi kwenye sanduku jekundu, na mimi nimekaa pembeni ya kitanda nikilitazama linavyosogea. Nimekaa hivi kwa muda mrefu kabla ya kushika kalamu.

Mambo ya kula vizuri, kufunga mlango na kuchagua marafiki, mama yako amekuhubiria wiki nzima na sina la kuongeza. Hata kazi unayoiendea Cape Town, ya kukaa mbele ya skrini na kuangalia mtandao wa watu unavyopita, sitakufundisha, umeisoma kuliko mimi. Najua utasema, "Eish, Baba, barua ndefu hivi, tena ya Kiswahili, si ungenitumia voisi?" Voisi nilijaribu. Nimerekodi mara tatu na kufuta mara tatu. Kuna jambo nimekuficha tangu una miaka kumi. Linahusu Papa Mwamba na familia yake, na linahusu neno ulilomwambia Gloria shuleni. Ukishalijua huenda usinitazame tena kama ulivyonitazama leo mlangoni. Naogopa, mwanangu, ila sitaki uondoke hujalijua.

Unaikumbuka ile nyumba ya Bellevue? Nyumba moja ya kizamani iliyokatwa vyumba saba, jiko moja, na foleni ya asubuhi mbele ya bafu. Sisi tulikuwa chumba cha mbele, chenye dirisha kubwa lisilofunga sawasawa. Papa Mwamba, Mama Mwamba na binti yao Gloria, watu wa Lubumbashi, walikuwa chumba kinachofuata. Ukuta kati yetu ulikuwa wa mbao. Mama Mwamba alikuwa akishona hadi jioni, na wewe ulikuwa ukilala usingizi wa mchana kwa mlio wa cherehani yake. Mama yako akiwa sokoni mjini, ni yeye aliyekulisha. Wewe na Gloria mlikuwa mkigonga mbao kutoka pande mbili, mna lugha yenu ya kugonga ambayo hatukuijua hadi leo.

Papa Mwamba alikuwa mlinzi wa usiku katika jengo lile lile la mjini ninalofanya kazi mimi. Chini ni duka la jumla la vitambaa na vyombo, juu ni ofisi, ghorofa kwa ghorofa. Ni mimi niliyempeleka pale, niliposikia wanatafuta mlinzi. Mimi nilianzia pale kuvuta nyaya tu, nikazunguka na nyaya hadi wakanipa na swichi za mtandao nizitunze, yale masanduku yenye milango mingi ambayo kila kompyuta ya ofisini imechomekwa.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kutazama mtandao ukipita. Unaijua vizuri, lakini niache niisimulie nilivyoiona mimi. Unaiambia swichi: kila kinachopita mlango huu, nipe nakala yake mlango ule. Halafu unachomeka kompyuta yako na kutulia. Saa mbili asubuhi mstari kwenye skrini unaanza kupanda taratibu, watu wanafungua barua zao. Mchana unalegea. Saa tisa unaamka tena kivivu. Jioni unashuka, unashuka, hadi unabaki uzi mwembamba unaotetemeka. Nilikuwa nikiutazama hadi chai inapoa, na naapa kuna siku nilisikia kama watu wananong'ona chumba cha pili. Yaliyomo sikuyafungua, nilikuwa naona tu nani anazungumza na wapi na kwa muda gani. Usiku uzi ule mwembamba ulikuwa wa kompyuta ya mlinzi, na ulikuwa ukienda mahali pamoja tu, penye nyimbo za kwaya. Siku moja nikamtania, "Papa, nakuona unavyoimba usiku." Akacheka hadi akashika ukuta. "Ah, Baba Zuhura! Hata Mungu haniangaliaka hivi!"

Kwa hiyo nilikuwa namjua. Nataka ulishike hilo, kwamba nilimjua mtu yule mchana kwa ukuta wa mbao na usiku kwa uzi ule kwenye skrini.

Sasa, swichi nayo ina saa. Kila kinachotokea inakiandika: mlango fulani umefunguka, mlango fulani umekatika, saa fulani na dakika fulani. Ndiyo maana zote zinatakiwa kuuliza saa mahali pamoja, kwenye seva moja, ili zikisimulia jambo zisipishane. Za ghorofa nyingine nilizifundisha kuuliza. Ya ghorofa ya nne ilikuwa kuukuu. Ulikuwa wakati ule wa umeme kukatwa kwa zamu mtaa kwa mtaa, na kila umeme uliporudi ile swichi ilikuwa inaamka ikidhani tuko mwaka fulani kabla wewe hujazaliwa. Nilikuwa naionea huruma kweli, inavyoamka asubuhi iliyopita zamani na kuanza kuandika kwa bidii. Kuifundisha kuuliza saa ni mistari michache, kazi isiyomaliza kikombe cha chai. Nikawa nasema kesho. Kila umeme uliporudi nilikuwa napanda ngazi na kuirekebisha kwa mkono, kwa kutazama saa yangu.

Na saa yangu unaijua. Nilipovuka mpaka kuja huku, kila mtu kwenye basi alirudisha saa yake nyuma. Mimi yangu sikuigusa. Tanga iko mbele ya Johannesburg kwa saa moja, na mimi niliiacha ibaki huko na bibi yako. Nikiitazama najua ameswali, najua ameinjika chai, najua jua limetoka barazani kwake. Vijana wa kazini walinicheka, "Salim anaishi kwao, mwili tu ndio uko hapa." Kupunguza ile saa moja nilikuwa nafanya bila kufikiri, kama mtu anayeinamisha kichwa kwenye mlango mfupi wa nyumbani kwao.

Siku moja mchana bibi yako alikuwa amelazwa. Umeme umerudi, nami nikapanda ghorofa ya nne simu ikiwa sikioni, shangazi yako analia, hasikiki vizuri, mara anasema daktari amekuja, mara mtandao unakata. Nikaitazama saa yangu na kuiandika kwenye swichi kama ilivyo. Sikupunguza kitu. Nikashuka, na sikukumbuka tena kama nilipanda.

Baada ya siku mbili, kompyuta mbili za mkononi ziliibiwa ghorofa ile ya nne. Kamera za ngazini zilikuwa zimeshaunguzwa na umeme wa kukatika na kurudi. Bosi akaniuliza kama kuna namna ya kujua zilichomolewa saa ngapi. Nilifurahi, Zuhura. Nilifurahi kwamba kwa mara ya kwanza wakubwa wananisubiri mimi niseme. Nikafungua kumbukumbu za swichi mbele yao: milango miwili imekatika, mmoja baada ya mwingine, saa mbili kasoro dakika ishirini usiku. Daftari la mlangoni linaonyesha mtu wa mwisho wa ofisini alitoka saa moja. Baada ya hapo ndani alikuwa Papa Mwamba peke yake. "Sharp," bosi akasema, yaani imetosha, na akafunga kalamu yake.

Wakamwita. Alisimama katikati ya chumba na kofia yake mkononi, akasema, "Mi nilizunguka saa moja na nusu. Hizo mashine hazikuwa tena juu ya meza. Nilifikiri benyewe bameenda nazo." Akanigeukia. "Baba Zuhura, ongea. Weye unanijua."

Nikamwambia, "Papa, mashine haina chuki na mtu."

Hilo neno nalisikia mpaka leo, na sauti ni yangu. Mtu alikuwa amesema alichokiona kwa macho yake, na kilikuwa kinapingana na maandishi yangu kwa dakika kumi tu. Dakika kumi zile zilitosha kunifanya nijiulize, na sikujiuliza, kwa sababu maandishi yalikuwa yangu na nilikuwa nimeshayavalia suti. Wakamvua koti lenye nembo pale pale. Alishuka ngazi na fulana, na ilikuwa baridi kama hii ya leo.

Zilipita wiki tatu. Umeme haukuwa umekatwa tena pale kazini tangu siku ile ya simu, na swichi sikuwa nimeigusa. Siku moja nikasikia zamu zinarudi, nikaona aibu ya kupanda tena zile ngazi, nikakaa nikaifundisha ile swichi kuuliza saa kwenye seva kama wenzake. Ikauliza, ikajibiwa, na ikaandika mstari mmoja, kwamba saa yake imerekebishwa: ilikuwa saa tano na robo, sasa ni saa nne na robo.

Nilikaa sakafuni, mwanangu. Ile saa moja ya Tanga ilikuwa imekaa ndani ya swichi muda wote huo. Kompyuta zile zilichomolewa saa moja kasoro dakika ishirini, wakati ofisi bado ina watu wake, na mlinzi wa usiku hajafika. Halafu nikakumbuka, na afadhali nisingekumbuka. Jioni ile, dakika zile zile, mimi nilikuwa natoka kazini na Papa Mwamba ndiyo anaingia. Tulikutana kwenye taa za barabarani, roboti ile ya karibu na stendi ya teksi. Alikuwa amebeba mfuko wa karatasi wenye mandazi yao madogo wanayoyaita mikate, ya moto, Mama Mwamba amekutumia wewe. Tulisimama pale taa ikabadilika mara mbili tukizungumza habari za bibi yako. Aliniombea. Wewe ulikula yale mandazi ukiwa kitandani na sukari ikamwagika shukani. Mtu aliyefukuzwa kwa wizi alikuwa amesimama na mimi, na hakuna mwingine duniani aliyeweza kulisema hilo isipokuwa mimi.

Nilikwenda mlangoni kwa bosi. Nilisimama nimeinua mkono nigonge. Mezani kwake kulikuwa na barua yangu ya kibali cha kazi inayosubiri sahihi, na bila sahihi ile tungekuwa barabarani sisi watatu. Nikashusha mkono. Nikajiambia nitasema wakishasaini. Wakasaini, nikajiambia nitasema bibi yako akipona. Akapona. Nikajikausha. Wakati huo akina Mwamba walikuwa wameshahama Bellevue, mwisho wa mwezi, na magodoro juu ya bakkie, pikapu ya mtu wa kanisani kwao, bila kuaga. Nyumba nzima ilijua kwa nini, maana maneno hayahitaji waya.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo panapokuhusu wewe. Uliniuliza kwa nini Gloria amehama. Kabla sijajua kosa langu nilikwambia baba yake ameiba, usiende kwao tena. Ulikuwa na miaka kumi, uliliweka neno hilo moyoni kama unavyoweka kila nilichokwambia. Siku moja ukarudi shuleni umevimba macho. Ukasema Gloria amekuita mkacheze, na wewe ukamjibu mbele ya wenzenu kwamba baba yako amekukataza kucheza na watoto wa mwizi. Ukasema hakulia, alikutazama tu na kuondoka. Ukaniuliza, "Baba, nimekosea?"

Siku ile ilikuwa ya tisa tangu nikae sakafuni ghorofa ya nne. Nilikuwa najua. Na nilikupangusa uso, nikakwambia, "Hapana mama, umesema kweli."

Yote mengine naweza kuyatafutia maelezo. Bibi alikuwa mgonjwa, umeme ulikuwa unakatika, karatasi zilikuwa mezani. Hilo la kukupangusa uso sina la kulisemea. Uliacha kugonga ukuta, hata wapangaji wapya walipoingia na mtoto wao. Nimekuona ukikua na marafiki wengi na huna hata mmoja wa karibu, na mama yako anasema ndivyo ulivyo, na mimi nanyamaza.

Miaka yote hii ninaota ndoto moja, tena huwa ya mchana, nikisinzia kazini. Nautazama ule mstari kwenye skrini, na jengo ni tupu, hakuna umeme hata taa moja, lakini uzi bado unapita. Ninaufuata kwa kidole. Unapita kwenye nyaya nilizovuta mwenyewe, unashuka ghorofa, unatoka barabarani, na kila ninapokaribia kuona unakwenda kwa nani, naamka na kalamu mkononi. Sijawahi kuogopa katika ndoto hiyo. Huwa naogopa nikiamka.

Mwaka huu, Jumamosi moja, nilikwenda Kensington kumtengenezea mtu mtandao wa duka. Ile barabara kubwa ina vijiduka vidogo vidogo, na kwenye kimoja nikamwona Mama Mwamba kupitia kioo, ameinama juu ya cherehani. Nilipita. Jumamosi ya pili nikapita tena. Nilipita Jumamosi nne, nikijitia naangalia nyaya za juu. Ulipokuja na barua yako ya kazi ukirukaruka sebuleni, ukasema, "Baba, nitakuwa kama wewe!", nilitoka nikaenda nikaingia.

Papa Mwamba alikuwa anakata kitambaa. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe. Nilisema yote nikiwa nimesimama, ile saa, roboti, mandazi, bosi, na wewe. Mama Mwamba alizima cherehani. Papa Mwamba aliendelea kukata hadi mwisho wa kitambaa, akaweka mkasi chini.

"Mi nilijua kama sikuiba," akasema. "Mungu pia alijua. Lakini mutoto yangu, nani alimuambia? Alikaa na ile neno miaka yote, anaangalia mikono yangu."

Nikamwomba msamaha. Akainua kiganja. "Hiyo ya msamaha tutaongea siku ingine. Kwanza andika. Weka jina lako, peleka kule kwa wakubwa. Kisha ambia mutoto yako. Ile neno aliibeba kutoka mikono ya wewe."

Niliandika. Jana Alhamisi nimeipeleka kazini na kumkabidhi bosi mpya, yule wa zamani ameshaondoka. Ameniambia nikae nyumbani, nije Jumatatu saa tatu. Sijui watanifanya nini. Mama yako nilimwambia usiku huo huo wa Kensington, na hakusema nami siku mbili, siku ya tatu akaniwekea chai. Usiahirishe safari kwa ajili yangu hata kidogo, nikikuona unafungua sanduku kesho nitalifunga mwenyewe.

Kuhusu kazi yako nina neno moja tu, na hili ni la fundi kwa fundi. Siku hizi mtu akiniuliza jambo fulani limetokea saa ngapi, kabla ya kujibu naiuliza saa yenyewe imetoa wapi saa. Halafu namtafuta anayetajwa, nakaa naye, namsikiliza hadi amalize. Wananiona mzee mzito. Waache waone hivyo.

Nilipokuwa natoka dukani, Gloria aliingia. Sikumtambua, ni mrefu kuliko baba yake. Baba yake akamweleza kwa Kifaransa, maneno machache. Akaniuliza jambo moja tu, "Zuhura alikuwa anajua?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia alikuwa mtoto, alimwamini baba yake.

Akasema, "Nataka kusikia kwa yeye mwenyewe." Akaniomba namba yako ya simu. Sikumpa. Nimekuamulia mengi katika habari hii, na hilo nimeona nikuachie wewe.

Basi lako linaondoka kesho Jumamosi saa sita mchana. Duka lao linafunguliwa saa mbili asubuhi. Kuanzia saa moja na nusu nitakuwa ndani ya gari, mizigo nimeshapakia, na sitakuuliza kitu. Ukishafunga mlango, niambie tu tunaelekea wapi.

Baba yako,
Salim